Viggle, Kling na Wan Animate: ipi inaiweza chakacha, ipi inaiweza singeli?

Siku hizi kuchezesha katuni hakuhitaji kuchora fremu moja moja. Unarekodi mchezaji kwa simu, unaandaa picha moja ya mhusika, unavipakia vyote viwili kwenye programu ya akili mnemba, na baada ya muda mhusika anacheza. Njia hii ilishika kasi mwishoni mwa 2023, watafiti wa Alibaba walipoonyesha Animate Anyone, na leo hata mtu mwenye simu tu anaifanya. Lakini kucheza ni jambo moja, na kucheza ngoma ile ile iliyorekodiwa ni jingine. Zana tatu zinazotajwa sana, Viggle, Kling na Wan Animate, zinapimwa hapa kwa ngoma mbili zisizoficha kosa: chakacha ya pwani, ambayo kazi yote iko kiunoni, na singeli ya Dar es Salaam, inayokwenda kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika.

Njia ya kuandika maelezo tu, bila video ya mwongozo, imewekwa kando kwa makusudi. Ukiiandikia Veo ya Google au Kling "mwanamke anacheza chakacha", unapata video nzuri ya mwanamke anayetikisika, ya sekunde chache, yenye mwendo wa ngoma yoyote ile ya kiuno duniani. Kwa anayejali ngoma yenyewe, video ya mchezaji halisi ndiyo msingi wa kazi, na robo tatu ya ubora hutoka hapo kabla programu haijaguswa.

Kinachosomwa mwilini

Zana nyingi za aina hii haziuoni mwili kama tunavyouona sisi. Kwanza zinaugeuza kuwa kiunzi cha mifupa, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari, fremu kwa fremu. Kisha kiunzi hicho kinavishwa sura na nguo za mhusika. OpenPose ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliyoeneza utaratibu huu, hutumia nukta 18 katika mpangilio wake unaojulikana zaidi: pua, shingo, macho, masikio, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, nyonga, magoti na vifundo vya miguu. Mpangilio mpana zaidi, COCO-WholeBody, una nukta 133, na mtu akisikia hivyo anadhani mwili wote umeenea. Zihesabu: 68 ziko usoni, 42 kwenye mikono na vidole vyake, 6 kwenye nyayo, na mwili wote uliobaki umegawiwa 17. Nyonga zimepata mbili. Kiuno hakikupata hata moja.

Sasa mchukue mchezaji wa chakacha aliyeielekea kamera. Mabega yametulia, nyayo hazihami, kiuno kinazunguka. Mzunguko ule unakwenda kulia na kushoto, na pia mbele na nyuma. Nukta mbili za nyonga zinaona kulia na kushoto tu, tena kwa pikseli chache. Mbele na nyuma hakisajiliwi kitu. Juu ya hapo, programu nyingi hulainisha nukta ili zisitetemeke, na ulainishaji huo unafuta hata zile pikseli chache zilizosalia. Mhusika anabaki kuyumba kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na ngoma imepotea. Sindimba ya Wamakonde inapatwa na jambo lile lile. Mganda, unaochezwa kwa mistari na hatua za kuhesabiwa, hausumbui hivyo kwa sababu kazi yake kubwa iko kwenye viungo vyenye nukta.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kununua salio popote ni hili: ngoma yangu inachezwa na kiungo gani?

Kurekodi mchezaji

Mchezaji asivae dera. Linapendeza, lakini magoti na nyonga vikishafichwa na kitambaa kipana, programu inakisia, na kila fremu inakisia kivyake. Ndiyo maana miguu ya mhusika huonekana kubadilishana nafasi chini ya gauni. Avae nguo ya kubana, mikono na miguu ionekane, na afunge kibwebwe cha rangi tofauti kabisa na nguo hiyo, kikazwe chini ya kiuno juu ya nyonga. Kibwebwe kinachora ukingo wa nyonga waziwazi, na zana inayoangalia picha nzima badala ya mifupa pekee hupata cha kushika.

Asimame robo upande, nyuzi 30 hadi 45 kutoka kwenye kamera. Kwa nyuzi 30, nusu ya mwendo wa mbele na nyuma inageuka kuwa mwendo wa kulia na kushoto kwenye picha, na hapo hata kiunzi cha nukta mbili kinaona mzunguko. Badiliko hili dogo linaokoa chakacha kuliko kubadilisha programu.

Simu iwekwe kwenye stendi, kimo cha kiuno cha mchezaji, umbali wa mita 3 hadi 4, kwa lenzi ya kawaida ya 1x. Lenzi pana ya 0.5x inarefusha viungo vilivyo pembeni, na urefu huo unahamia kwa mhusika. Nyayo zionekane mwanzo hadi mwisho, na pawepo nafasi juu ya kichwa ya kutosha mkono kuinuliwa. Ukuta wa nyuma utofautiane na ngozi na nguo pia: mchezaji mweusi mwenye suruali nyeusi mbele ya ukuta wa kahawia iliyokoza anapotezwa viwiko na vifundo. Ukuta wa chokaa unafaa sana. Mwanga uwe wa mchana, nje, kivulini. Chumbani penye taa moja simu huchelewesha shata, viganja vinageuka ukungu, na fremu yenye ukungu haina kifundo cha mkono cha kusomwa.

Rekodi kwa fremu 60 kwa sekunde. Sababu itaeleweka tukifika kwenye singeli. Faili lisipite WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu linabanwa na viganja vinakuwa vipande vya mraba; litumwe kama dokumenti au liwekwe Google Drive. Tena simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka, jambo ambalo macho hayalioni lakini baada ya nusu dakika muziki na miguu vinaachana. Ukiwa na kompyuta yenye ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri za maandishi, mstari mmoja unatosha:

ffmpeg -i ngoma.mov -vf fps=60 -c:a aac ngoma60.mp4

Asiyetaka kuandika amri atumie HandBrake na achague kasi ya fremu isiyobadilika.

Picha ya mhusika

Picha iwe ya mwili mzima, nyayo zikiwemo, mikono ikiwa mbali kidogo na kiwiliwili. Mkono uliolazwa ubavuni unaungana na nguo, na ukiinuliwa unavuta kipande cha gauni juu. Umbo la picha lifanane na la video: kama video ni ya wima, picha nayo iwe ya wima, na mhusika ajae kwenye picha kwa kiasi kile kile anachojaa mchezaji kwenye fremu ya kwanza. Picha ya nusu mwili ikikutana na video ya mwili mzima, programu inalazimika kubuni miguu.

Kwa kutengeneza mhusika, modeli ya picha ya Google ya 2025 inayoitwa Nano Banana inafaa kwa sababu inakubali kurekebishwa kidogo kidogo: mtu yule yule, vua viatu, geuza mwili nyuzi 30, ondoa mandhari. Uliza pia picha ya mgongo wake mapema. Mchezaji akigeuka, programu inabuni mgongo ambao haijawahi kuuona, na kama unazo picha mbili unaweza kukata video kwenye mzunguko na kuendelea na ya pili.

Kuhusu kanga, hapa panataka uangalifu. Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo lenye maua makubwa na mji wenye alama moja kubwa, tuseme korosho, hukaa vizuri hata mhusika akicheza. Jina halikai. Herufi huandikwa sawasawa kwenye picha, lakini kitambaa kikianza kujikunja kila fremu inazichora upya, na kufikia sekunde ya tatu kilichoandikwa si Kiswahili wala lugha nyingine. Kanga yenye jina lililovurugika ni aibu kwa aijuaye kanga, maana jina ndilo ujumbe wake. Afadhali mhusika afungwe kanga iliyokunjwa jina likabaki ndani, au mstari wa jina uachwe wazi kabisa.

Katuni yenye kichwa kikubwa na miguu mifupi ina tatizo lake. Kiunzi kinabeba urefu wa viungo vya mchezaji, kwa hiyo mhusika mfupi huanza kurefuka miguu akicheza. Ama mpe mhusika maumbile ya binadamu, ama tumia zana inayokubali kurekebisha vipimo vya mifupa kabla ya kuzalisha. Na kama ni mchoro wa mtoto wa kalamu za rangi, acha hizi zote utumie Animated Drawings ya Meta, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi: inakuomba usogeze nukta za viungo juu ya mchoro, halafu inauchezesha mchoro wenyewe bila kuupamba. Mchoro unabaki wa mtoto.

Viggle

Imetoka kwa kampuni changa ya Kanada, ikajulikana mwanzoni mwa 2024 kupitia Discord, na sasa ina tovuti na programu ya simu. Ndiyo nyepesi kuliko zote. Sehemu ya Mix inaomba picha na video, basi. Ngoma za mikono na miguu, amapiano kwa mfano, zinatoka zinatambulika mara ya kwanza, na mwili unapozunguka mhusika anazunguka kwa uzito unaoaminika.

Upungufu wake ni sura. Mhusika anaonekana amebandikwa juu ya mandhari: mwanga wake si mwanga wa mahali alipo, ukingo wa nywele unatetemeka, vidole vinashikana. Uso nao hauchangamki. Chakacha ikiletwa mbele ya kamera moja kwa moja inatoka bapa. Ikiletwa robo upande inapata nafuu lakini haifiki. Toleo la bure linaacha nembo kwenye video.

Kinachoifanya istahili nafasi ni mandhari ya kijani. Kwa ngoma ya watu wengi, zana hizi huchanganya miguu ya huyu na ya yule mara watu wawili wanapopishana. Mzalishe kila mchezaji peke yake juu ya kijani, kisha uwapange kwenye CapCut kwa kipengele cha kufuta rangi. Hapo mhusika asiwe na nguo ya kijani, na kila mmoja umwekee kivuli chini ya nyayo: duara bapa jeusi, lililofifishwa, opacity ya asilimia 30 hivi. Bila kivuli wote wanaelea.

Kling

Kling ni ya Kuaishou ya China, nayo ilitoka Juni 2024, lakini kinachotuhusu ni kipengele cha kuhamisha mwendo kilichokuja na toleo la 2.6 mwishoni mwa 2025. Unapakia picha na video ya mwongozo, kisha unachagua mhusika afuate mwelekeo wa nani. Chaguo hili linapuuzwa, na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Ukichagua afuate video, anageuka mchezaji anapogeuka, na unaruhusiwa hadi sekunde 30. Ukichagua afuate picha, anabaki ameelekea alikoelekea kwenye picha, mwisho sekunde 10. Hii ni kwa ajili ya video zenye mwendo wa kamera. Kwa ngoma, chagua video, isipokuwa unataka kamera izunguke.

Kwa chakacha, kati ya zana zisizohitaji kompyuta yako, hii ndiyo inayokaribia zaidi. Nyonga zina ujazo, kitambaa kinachelewa kidogo nyuma ya mwili kama inavyopaswa, na mwanga wa mhusika unalingana na mandhari ya picha. Vidole hubaki vitano mara nyingi kuliko kwenye Viggle. Mandhari yanatoka kwenye picha yako, na maelezo ya maneno yanatumika kwa mazingira tu: baraza la nyumba ya Lamu, taa ya kandili, upepo. Usielezee mwendo kwa maneno wakati video inauonyesha. Maneno na video vikigombana, mwili unasitasita.

Mambo yanayoikwamisha yanajulikana: mtu zaidi ya mmoja kwenye video ya mwongozo, kichwa kinachotoka nje ya fremu, mkata wa kamera katikati, na kitu kinachopita mbele ya mchezaji. Kata vipande hivyo kabla ya kupakia, kwa sababu salio hutumika hata video ikitoka mbovu.

Wan Animate

Hii ni ya Alibaba, Wan2.2-Animate, ilitolewa Septemba 2025 kwa leseni ya Apache 2.0, yaani unaipakua na kuitumia kwenye mashine yako, hata kibiashara. Watu wengi huiendesha ndani ya ComfyUI, programu ya bure inayounganisha hatua kwa nodi na waya. Inataka kazi, na inalipa kazi hiyo. Kadi ya michoro ya GB 24 inaiendesha kwa starehe; ya GB 16 inaiweza kwa faili la fp8, yaani modeli iliyopunguzwa ukubwa, huku sehemu ya modeli ikihifadhiwa kwenye RAM; ya GB 12 itumie faili za GGUF, zilizobanwa zaidi. RAM ya GB 32 ni kiwango cha chini.

Ina njia mbili. Ya kwanza inamchezesha mhusika ndani ya picha yake mwenyewe. Ya pili inamwondoa mchezaji kwenye video na kumweka mhusika mahali pake, mandhari ya video yakibaki, na ina nyongeza ya kulinganisha mwanga ili asionekane mgeni. Kwa njia ya pili lazima mchezaji atenganishwe na mandhari kwa SAM 2, modeli ya kukata umbo kwenye video: unabonyeza nukta juu ya kifua na mapaja, na nukta nyekundu, za kukataza, mbili tatu kwenye ukuta. Usiponukta miguu, kipande cha mguu wa mchezaji wa kweli kinabaki kimesimama kando ya katuni.

Vipimo: 480 × 832 kwa majaribio, 720 × 1280 kwa kazi ya mwisho. Upana na kimo vyote vigawanyike kwa 16. Idadi ya fremu kwa kipande ni kizidisho cha 4 kisha ongeza 1, kama 77 au 81. Ukiandika 80 utapata hitilafu au idadi tofauti na uliyoomba. Hatua 20 za kuzalisha ndizo za kawaida. Kuna LoRA ya LightX2V, faili dogo la nyongeza juu ya modeli, inayozishusha hadi 4 au 6, na cfg, yaani nguvu ya kufuata maelezo ya maneno, ikiwa 1. Kwa ngoma weka 6, maana kwenye 4 vidole vinayeyuka. Jua pia kwamba cfg ikiwa 1, maelezo ya kukataza hayafanyi kazi yoyote. Anayeandika pale "usiongeze vidole" anaandika bure.

Modeli hii inasoma mwili kwa kiunzi na uso kwa video ndogo ya uso iliyokatwa pembeni. Mchezaji akiwa mbali, uso wake ni pikseli chache, na kinachokatwa ni ukungu. Mhusika anapata mdomo unaopepesa. Ama mchezaji asogee, ama uchomoe waya wa uso kabisa, hasa kwa katuni yenye macho makubwa au kinyago. Na kwa kuwa kiunzi hakina vitu, bakora ya kirumbizi, ngoma ya fimbo ya pwani, haitahamia. Mhusika aliyeshika bakora kwenye picha ataishika fremu za mwanzo, kisha itapinda au kutoweka.

Je, chakacha? Kwa kiunzi pekee, inashindwa kama nilivyoeleza. Dawa iko jirani, kwenye Wan2.1 VACE, modeli ya ukoo huo huo inayokubali aina nyingine za mwongozo. Badala ya mifupa unaipa ramani ya kina, video ya rangi ya kijivu ambamo kilicho karibu ni cheupe na kilicho mbali ni cheusi, inayotengenezwa na Depth Anything V2. Kwenye ramani hiyo nyonga ikija mbele inang'aa, ikirudi inafifia. Mzunguko wa kiuno unaonekana kwa macho hata kabla hujazalisha chochote, na ukiutazama hapo unajua kama kazi itafaulu. Hapa ndipo VACE inapoishinda hata Kling.

Gharama yake ni kwamba ramani ya kina inabeba umbo la mchezaji. Katuni nyembamba inanenepa, nene inakonda. Weka nguvu ya mwongozo kati ya 0.6 na 0.7 badala ya 1, ififishe ramani kidogo kwa ukungu wa pikseli 4 hadi 6, na uchague mchezaji mwenye umbo la kukaribiana na mhusika. Mwenye kadi ya GB 8 ajaribu VACE ndogo ya 1.3B kwa 480 × 832. Sura ni hafifu zaidi lakini kiuno kipo.

Hesabu ya singeli

Wan, inavyoendeshwa mara nyingi ndani ya ComfyUI, hutoa fremu 16 kwa sekunde. Amapiano ya mapigo 112 kwa dakika inapata fremu 8 na ushei kwa kila pigo, zinatosha mguu kwenda na kurudi. Singeli ya mapigo 240 ni mapigo 4 kwa sekunde, kwa hiyo fremu 4 kwa pigo: mbili za kwenda, mbili za kurudi. Mchezaji akigawanya pigo mara mbili, kama wafanyavyo, mguu unakwenda kwenye fremu moja na kurudi kwenye nyingine. Hakuna tena mwendo wa kuonyesha, ni goti linalotetemeka.

Wengi hukimbilia RIFE, inayobuni fremu za katikati, wapandishe 16 ziwe 32. Kwa singeli haisaidii. Inabuni katikati ya nukta mbili ilizopewa, na kama mguu ulikwenda na kurudi baina ya nukta hizo, RIFE haina habari. Unapata ukungu mlaini badala ya goti kavu.

Kinachofaa ni kupunguza mwendo kabla. Kutoka kwenye video ya fremu 60 chukua 32 kwa kila sekunde, ziingize kwenye modeli kana kwamba ni za 16, kisha video itakayotoka uicheze kwa 32. Kila pigo sasa lina fremu 8. Bei yake ni maradufu: fremu 81 ni sekunde 2.5 za ngoma, na sekunde 10 zinataka vipande vinne. Kwa Kling na Viggle fanya vivyo hivyo kwa CapCut: punguza kasi iwe 0.5x, pakia, pakua, rudisha 2x. Kikomo cha sekunde 30 cha Kling kinageuka sekunde 15 za ngoma. Usimwambie mchezaji acheze polepole kwa wimbo uliopunguzwa kasi. Kuruka hakupungui kasi, mvutano wa dunia ni ule ule, na ukirudisha 2x kila mruko unakuwa mfupi na mkali isivyo kawaida.

Kwa singeli, basi, Wan yenye hesabu hii ndiyo ya kwanza, Kling iliyopunguzwa kasi ya pili na karibu nayo, Viggle ya tatu.

Kuunganisha na kumalizia

Vipande vikiunganishwa rangi hupanda kidogo kila kipande, na kufikia cha nne ngozi ya mhusika imeiva kuelekea rangi ya chungwa. Nodi ya kulinganisha rangi, ikipewa picha ya mwanzo kama kipimo, hupunguza hilo. Dawa kubwa ni kuunganisha juu ya pigo, mahali mchezaji anabadilisha mtindo, na kukuza kipande kinachofuata kwa asilimia 10 hadi 15 kama kamera imesogea. Jicho linafuata mdundo, haliutafuti mshono.

Nyayo kuteleza sakafuni bado halina tiba kamili. Epuka sakafu ya vigae, kwa sababu mistari yake inaonyesha kila sentimita ya mtelezo. Mchanga, mkeka usio na mistari au udongo vinaficha.

Video ya 480 × 832 si 9:16 kamili. Ukiikuza ijae 1080 × 1920, upana unazidi kwa pikseli 28 hivi, 14 kila upande, kata, usibane. Muziki uweke wa faili asili, si uliopita kwenye programu, na ulinganishe kwa kupiga makofi: mchezaji apige kofi moja kabla ya kuanza, ukitafute kwenye wimbi la sauti na kwenye fremu.

Mchezaji akubali kwa maandishi kwamba mwendo wake utatumika kwa mhusika na kwa kazi zipi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022, na video ya mtu ni data yake. Mhusika akifanana na mtu halisi, TikTok na YouTube zinataka video iwekewe alama ya akili mnemba.

Kuhusu malipo, Kling na Viggle hupokea kadi, na kadi ya mtandaoni ya Visa ndani ya M-Pesa, GlobalPay kwa walio Kenya, inafanya kazi kwa ununuzi wa aina hii. Chukua kifurushi cha mwezi mmoja cha Kling kwanza, si cha mwaka, kwa kuwa matoleo yanabadilika kila baada ya miezi michache. Na zima kujihuisha kwa kifurushi siku ile ile uliyolipa. Wan haina ada, ila kama huna kadi ya michoro utakodi mashine kwa saa. Andaa picha, video iliyokatwa na ramani ya kina kwenye kompyuta yako kabla ya kuiwasha, kwa sababu saa inahesabiwa hata ukiwa bado unapakia faili. Ukimaliza pakua video, zima mashine, halafu futa na diski yake: mashine iliyozimwa huacha kutoza saa, lakini diski yenye modeli huendelea kutozwa kila siku hadi uifute.